Kula udon ya Sanuki Kagawa: mwongozo wa safari, hatua kwa hatua

Kagawa ni mkoa mdogo kuliko yote nchini Japani kwa eneo. Uko kwenye kisiwa cha Shikoku, ukitazama Bahari ya Ndani ya Seto. Mwaka 2011 ulianza kujitangaza kwa watalii kama "Mkoa wa Udon", na anayefika kule haoni kuwa wametia chumvi: watu wanakula udon kabla ya kwenda kazini, wanakula mchana, na wapo wanaokula mara mbili kwa siku bila mtu kushangaa. Jina la kale la eneo hilo ni Sanuki, ndiyo maana tambi hizi nene, nyeupe, za ngano, huitwa udon ya Sanuki popote zinapouzwa.

Niseme msimamo wangu mapema. Usiende Kagawa kuwinda duka maarufu; nenda kuwahi tambi. Udon ya Sanuki huwa katika ubora wake kwa dakika chache tu tangu itoke kwenye sufuria. Duka lisilo na jina kijijini, lililochemsha sasa hivi, linalishinda duka la kwenye magazeti ambalo tambi zake zimekaa kwenye trei nusu saa. Karibu kila ushauri ulioko hapa chini unatokana na hilo.

Hatua ya 1: Elewa kwa nini ni Kagawa

Mvua ni haba upande huu wa Seto. Milima iko kusini, na kaskazini ng'ambo ya bahari, mito ni mifupi, na tangu kale wakulima wamekuwa wakichimba mabwawa ya kuhifadhia maji. Mkoa huu mdogo una zaidi ya 12,000. Kubwa lake, Manno, lilijengwa upya mwaka 821 chini ya usimamizi wa mtawa Kukai, mzaliwa wa Zentsuji, hapo hapo Kagawa. Wenyeji husimulia kwamba Kukai ndiye aliyerudi na ujuzi wa udon kutoka Uchina. Ni masimulizi ya mapokeo, lakini utayasikia kila upande, na ukiliona bwawa lenyewe utaelewa kwa nini mtu huyo anakumbukwa kwa maji na kwa chakula pia.

Mpunga unataka maji mengi, ngano inaridhika na machache. Kwa hiyo baada ya mavuno ya mpunga, mashamba yaleyale yalipandwa ngano wakati wa baridi. Chumvi ilivunwa pwani, Sakaide na Utazu. Mchuzi wa soya ulitoka kisiwa cha Shodoshima. Na supu ilitokana na iriko, yaani dagaa waliochemshwa wakakaushwa, wanaosifika zaidi wakiwa wa kisiwa kidogo cha Ibuki, karibu na Kan'onji. Mpishi wa Sanuki hakuhitaji kutoka nje ya mkoa wake kutafuta chochote.

Siku hizi sehemu kubwa ya unga hutokana na ngano ya Australia, ambayo hutoa tambi nyeupe zinazovutika vizuri. Mkoa ukajibu kwa kuzalisha mbegu zake: kwanza Sanuki no Yume 2000, baadaye Sanuki no Yume 2009. Ukiambiwa duka linatumia ngano hiyo, ingia. Harufu ya ngano inasikika mara tu bakuli linapokaribia uso.

Tambi zenyewe ni unga, maji na chumvi, basi. Kinachozitofautisha ni kazi ya mikono. Kanuni za biashara ya tambi Japani zinataka kifurushi kinachodai kuwa zao halisi la Sanuki kiwe kimetengenezwa Kagawa, kwa maji yasiyopungua asilimia 40 ya uzito wa unga, chumvi isiyopungua asilimia 3, na donge la unga lipumzishwe saa 2 au zaidi. Chumvi hiyo hukaza donge wakati wa kukandwa, kisha sehemu kubwa yake huyeyukia kwenye maji ya kuchemshia. Baada ya kuchemka tambi huoshwa kwa maji baridi zikakaza tena. Ndipo unapopata kile ambacho watu wa Kagawa hukiita koshi: jino linaingia kwa urahisi nje, halafu linakutana na ukinzani katikati, na tambi inakatika kwa kuvutika. Itazame moja kabla hujaila. Iliyokatwa kwa kisu ina pembe nne, na ikiwa imetoka jikoni sasa hivi pembe hizo ni kali na uso wake unang'aa. Pembe zikishakuwa za mviringo na tambi zimeshikana, umechelewa.

Hatua ya 2: Fika Takamatsu

Watanzania, Wakenya na Waganda wanahitaji viza ya Japani, na balozi za Japani ziko Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Anza mapema.

Kwa ndege, njia iliyozoeleka ni kupitia Dubai au Doha. Ukiweza kuchagua, tua uwanja wa Kansai, karibu na Osaka, badala ya Tokyo. Kutoka Kansai kuna basi la moja kwa moja hadi Takamatsu, makao makuu ya mkoa, safari ya saa tatu na nusu hivi. Wanaopenda reli waende kituo cha Shin-Osaka, wapande shinkansen, treni ya kasi, hadi Okayama kwa muda usiofika saa moja, kisha wabadilishe na kupanda treni iitwayo Marine Liner, ambayo huchukua takriban dakika 55 hadi Takamatsu. Treni hiyo huvuka bahari juu ya Daraja Kuu la Seto lililofunguliwa mwaka 1988. Kaa dirishani. Utaona visiwa vidogo vimetapakaa chini yako na meli zikipita katikati yake.

Kama umetua Tokyo, kuna treni ya usiku yenye vitanda, Sunrise Seto. Huondoka karibu saa nne usiku na kukufikisha Takamatsu takriban saa moja na nusu asubuhi, wakati ambao maduka ya udon yameshafunguliwa. Mimi naona hakuna namna bora ya kuingia mjini humo. Tiketi zake huisha haraka, kwa hiyo usingoje hadi wiki ya safari.

Kutoka Kobe kuna feri kubwa ya saa tano kasoro hivi, na ndani yake wanauza udon. Hilo lina historia. Kabla ya daraja, kuanzia mwaka 1910, watu walivuka kutoka Uno, bandari ya upande wa Okayama, hadi Takamatsu kwa meli za reli, na bakuli la udon lililoliwa juu ya sitaha ndilo lililomwambia mtu wa Kagawa aliyekuwa mbali kwamba sasa anafika kwao. Wazee bado wanalizungumzia.

Hatua ya 3: Panga siku kwa saa za udon

Hapa ndipo wageni wengi wanapoharibu safari. Wanaamka saa tatu, wanazunguka bustani, wanakumbuka udon saa tisa alasiri na kukuta mlango umefungwa. Maduka mengi ya Kagawa hufanya kazi asubuhi na mchana tu. Yapo yanayofungua saa kumi na moja au kumi na mbili alfajiri kwa ajili ya wafanyakazi, na mengi hufunga kati ya saa nane na saa tisa mchana. Tambi zikiisha kabla ya hapo, duka linafunga, hata kama foleni ipo.

Vibao vyao hutumia saa za Kizungu: 6:00–14:00 ni saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Kuna duka la kiwanda cha tambi pale Sakaide, Hinode Seimenjo, ambalo hupokea walaji kwa saa moja tu, kuanzia saa tano na nusu hadi saa sita na nusu mchana, kwa sababu kazi yake kuu ni kutengeneza tambi za kuuza kwingine. Angalia pia siku ya mapumziko ya kila duka. Nyingi hupumzika siku moja au mbili kwa wiki, na si lazima iwe Jumapili.

Basi panga hivi: bakuli la kwanza kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, la pili karibu saa nne, la tatu kabla ya saa saba mchana. Mchana unaobaki ni wa kutembea. Ukitaka kumkuta mpishi akitoa tambi mpya kwenye sufuria, fika dakika chache kabla foleni ya chakula cha mchana haijaanza, au wakati foleni imepamba moto. Saa ya watu wengi ndiyo saa ya tambi mpya zaidi, kwa hiyo foleni ndefu inayosogea haraka ni ishara njema.

Hatua ya 4: Agiza kidogo

Kipimo cha udon ni tama, fungu moja la tambi lililokunjwa, lenye gramu 200 hivi au zaidi kidogo baada ya kuchemshwa. Bakuli dogo, sho, ni tama moja. La kati, chu, mara nyingi ni moja na nusu au mbili. Kubwa, dai, ni mbili au tatu, kutegemea duka. Kila dukani sema sho. Ukijaza tumbo kwenye duka la kwanza, safari nzima imekwisha saa mbili asubuhi.

Sho ya kawaida kwenye duka la kujihudumia hugharimu takriban yeni 250 hadi 450. Tembea na noti za yeni 1,000 na sarafu, maana maduka mengi madogo hayapokei kadi.

Hatua ya 5: Jua unachoagiza

Anza na kake: tambi kwenye supu ya moto ya iriko, vitunguu majani juu, hakuna kingine. Hapo supu na tambi vyote viko wazi mbele yako.

Bukkake ni tambi zilizomwagiwa mchuzi mzito na mchache, kwa kawaida pamoja na tangawizi na limau. Wakati wa joto iombe baridi. Zaru ni tambi baridi za kuchovya. Shoyu ni tambi zilizonyunyiziwa mchuzi wa soya tu. Ndiyo ninayoiagiza nikitaka kulijua duka, kwa sababu haina mahali pa kujificha.

Kamaage hutolewa sufuriani moja kwa moja, pamoja na maji yake ya kuchemshia, bila kuoshwa kwa maji baridi. Ni laini zaidi, zinateleza, na ladha ya ngano imejaa mdomoni. Unazichovya kwenye mchuzi wa moto. Huenda ukasubiri dakika 10 hadi 15 kwa sababu zinachemshwa baada ya wewe kuagiza. Subiri. Waraya, chini ya mlima Yashima upande wa mashariki wa Takamatsu, huzileta kwenye beseni la mbao la kutosha familia nzima. Nagata in Kanoka, karibu na kituo cha Kanakuraji, huleta mchuzi wake kwenye mtungi mkubwa wa moto.

Kamatama ni kamaage iliyochujwa maji na kuchanganywa na yai bichi hapo hapo, joto la tambi likiliivisha nusu. Ilianzia duka la Yamagoe, mji wa Ayagawa. Korogesha haraka mara tu unapopokea bakuli, kabla joto halijapotea, halafu ongeza mchuzi kidogo kidogo. Mayai ya Japani huzalishwa yakikusudiwa kuliwa mabichi, lakini mjamzito au mwenye kinga dhaifu aache. Pale Takamatsu, duka la Udon Baka Ichidai huweka siagi na pilipili manga juu ya tambi za moto na kukupa yai pembeni. Vijana huifuata hiyo kuliko kitu kingine.

Majira ya baridi ulizia shippoku: udon yenye figili nyeupe, karoti na majimbi yaliyopikwa polepole ndani ya supu. Haipatikani mwaka wote.

Hatua ya 6: Ndani ya duka la kujihudumia

Chukua trei. Sogea na foleni hadi kwa mpishi, taja aina na ukubwa: "Kake, sho." Akikuuliza moto au baridi, jibu "atsui no" kwa moto, "tsumetai no" kwa baridi.

Kwenye maduka ya mtindo wa kale utapewa bakuli lenye tambi ambazo tayari zimechemshwa na kuoshwa, zikiwa baridi, na kazi iliyobaki ni yako. Mbele kuna tangi la maji yanayofukuta na vichujio virefu vyenye mpini. Tia tambi kwenye kichujio, zamisha, tikisa taratibu. Fungu moja linatosha kwa sekunde 10 hivi. Mafungu mawili, karibu 20. Ukizidisha zinalegea. Kisha inua na ukung'ute maji kwa mikono miwili, mara mbili tatu, kwa nguvu kuliko unavyodhani, kwa sababu maji yanayobaki kwenye tambi ndiyo yanayozimua supu. Rudisha bakulini, nenda kwenye bomba la supu, fungulia. Ndiyo, supu hutoka kwenye bomba, na harufu ya iriko inakupanda puani hata kabla hujalifunga.

Tempura, yaani vyakula vilivyochovywa kwenye uji wa unga na kukaangwa, ziko kwenye masinia kabla ya mahali pa kulipia. Chukua moja, si zaidi, ukikumbuka kuna duka lingine baada ya saa mbili. Wenyeji wanapenda chikuwa, yaani samaki aliyesagwa na kutengenezwa kama bomba, na vipande vya kuku. Chikusei, mjini Takamatsu, inasifika kwa yai lililochemshwa nusu likakaangwa kwenye unga, ukilipasua kiini kinamwagika kwenye tambi. Pembeni utakuta oden ikitokota: figili, mayai, tofu, vyote kwenye mishikaki. Hiyo watu huila wakingojea tambi.

Lipa, halafu ongeza vitunguu majani, tangawizi iliyokwanguliwa, ufuta na chenga za unga uliokaangwa, ambazo mara nyingi ni za bure. Chukua kwa kiasi. Kwenye maduka machache ya kijijini unalipa baada ya kula, kwa kutaja mwenyewe ulichokula. Wanakuamini, nawe taja kila kitu.

Kula mara moja. Kuvuta tambi kwa sauti ni adabu, na kunasaidia kuzipoza njiani. Mlaji wa Kagawa hutumia dakika 10 au chini yake, na watu wanasubiri kiti, kwa hiyo mazungumzo marefu yaache kwa ajili ya nje. Ukimaliza, futa meza, peleka trei kwenye dirisha la vyombo, na useme "gochisosama" kumwelekea aliyeko jikoni. Kila mtu anasema, na kila mara jikoni wanaitikia.

Hatua ya 7: Kwa Waislamu, wasiokula samaki na wenye mzio

Hili linawahusu wasomaji wengi wa Pwani, kwa hiyo tusilipite juu juu. Tambi tupu ni ngano, maji na chumvi, hazina tatizo isipokuwa kwa mwenye mzio wa ngano. Tatizo liko kwenye kimiminika. Supu na michuzi ya kuchovya mara nyingi hutiwa mirin au sake, ambavyo ni vileo, na mchuzi wa kawaida wa soya huweza kuwa na pombe kidogo inayotokana na uchachu au iliyoongezwa. Kuku na nyama ya ng'ombe hazijachinjwa kwa taratibu za Kiislamu, na mafuta ya tempura hutumika kwa vitu vyote.

Uliza hivi: "Mirin ya sake wa haitte imasu ka?" yaani kama kuna mirin au sake ndani. Kwa nguruwe: "Butaniku wa haitte imasu ka?" Andika maswali hayo kwa Kijapani kwenye simu ili uonyeshe, kwa kuwa mpishi aliyeshika kisu hana muda wa kukisia matamshi. Njia iliyo salama zaidi ni kununua Japani mchuzi wa soya wenye cheti cha halali, upo, kisha upitie viwanda vya tambi vinavyouza mafungu yaliyochemshwa bila mchuzi. Unaongeza limau, ufuta, tangawizi na mchuzi wako. Haipungukiwi na kitu, kwa sababu shoyu udon ya wenyeji ndiyo hiyohiyo.

Wasiokula samaki wajue kwamba supu ni ya iriko hata kama hawaoni samaki bakulini.

Hatua ya 8: Usafiri wa ndani na ratiba ya siku mbili

Lala Takamatsu, karibu na kituo cha reli. Mjini, kodi baiskeli. Ardhi ni tambarare. Kwa nje ya mji kuna treni za JR, kampuni kuu ya reli ya Japani, na treni ndogo za Kotoden, zenye njia tatu na tiketi ya siku nzima. Ukiwa na kibali cha kuendesha gari cha kimataifa cha Mkataba wa Geneva wa 1949, ambacho ndicho Japani inachokitambua, gari hufungua vijiji vyote, na wanaendesha upande wa kushoto kama Tanzania na Kenya. Hakikisha kibali ulichopewa ni cha mkataba huo kabla hujalipia gari.

Kuna pia teksi za udon, zenye taa ya bakuli la udon juu ya paa. Madereva wake hupita mtihani wa maandishi, wa vitendo na wa kutengeneza udon kwa mikono, kisha wanakupeleka kwenye maduka yanayokufaa. Kwa watu watatu au wanne wanaogawana gharama, naipendekeza kwa moyo wote.

Siku ya kwanza baki mjini: bakuli la alfajiri la kake, kisha bustani ya Ritsurin ikiwa bado tulivu, kisha Chikusei. Mchana panda Kotoden hadi Yashima kwa ajili ya kamaage.

Siku ya pili elekea magharibi kwa treni ya JR. Shuka Kamogawa, tembea dakika 20 hivi katikati ya mashamba ya mpunga hadi Gamo, duka la Sakaide ambalo wateja wake hula nje, kwenye mabenchi, upepo ukipita. Endelea hadi Kanakuraji au Kotohira. Anayetaka Yamagoe atumie Kotoden hadi Takinomiya, kisha teksi.

Kotohira ina hekalu la Konpira, lenye ngazi 785 hadi jengo kuu na 1,368 hadi la ndani kabisa. Panda baada ya bakuli la asubuhi, ushuke una njaa ya kweli. Chini yake kuna Shule ya Udon ya Nakano, ambako unakanda unga, unaukanyaga kwa miguu huku muziki ukipigwa, unakata tambi na kula ulichotengeneza. Usiidharau kwa sababu ina watalii: mguu wako ukishahisi donge likibadilika kutoka chengachenga hadi kukaza, utaielewa koshi kuliko maelezo yoyote niliyotoa hapo juu.

Neno kwa walioko London waliowahi kula kwenye mikahawa ya Marugame Udon: jina ni la mji wa Kagawa, lakini kampuni ilianzia mkoa wa Hyogo. Udon yao ni ya mtindo wa Sanuki. Marugame yenyewe ni mji wa kwenda kula kwa haki yake, hasa duka la Nakamura pale Hanzan, ambalo zamani mteja aliyetaka vitunguu majani alitoka nje akachuma shambani.

Hatua ya 9: Ipike nyumbani

Tambi zilizochemshwa hazibebeki. Nunua za han-nama, zilizokaushwa nusu, zinazokaa miezi kadhaa kwenye pakiti. Au jifunze kutengeneza, kwa sababu Afrika Mashariki ina karibu kila kitu.

Kwa watu wanne: unga wa ngano wa kawaida gramu 500 (si ule maalumu wa mikate), maji gramu 225, chumvi gramu 25. Wapishi wa Sanuki wana kanuni ya kale ya kuyeyusha kikombe kimoja cha chumvi kwa vikombe 3 vya maji wakati wa joto kali, 6 wakati wa baridi, na 5 siku za kawaida, kwa kuwa joto hulegeza unga na chumvi huukaza. Kwa joto la Mombasa au Dar, mimi naongeza chumvi hadi gramu 30.

Yeyusha chumvi kwenye maji. Mwagia unga mara tatu ukichanganya kwa ncha za vidole hadi upate chenga zenye unyevu sawasawa, kisha zikusanye pamoja. Usiongeze maji hata donge likionekana kavu. Liweke ndani ya mfuko safi mzito, tandika mkeka, na ulikanyage kwa visigino ukizunguka. Likitandaa, likunje mara tatu, ukanyage tena. Rudia hadi uso uwe laini. Liache saa 2.

Sukuma kwa mti wa chapati hadi unene wa milimita 3 au 4, nyunyizia unga wa mahindi laini au kornflawa, kunja, kata kwa kisu kikali kwa upana uleule. Chemsha kwenye maji mengi yasiyo na chumvi kwa dakika 10 hadi 12, onja moja, kisha zioshe chini ya maji baridi ukizisugua kwa viganja hadi utelezi wa wanga utoke.

Kwa supu, tafuta dagaa wa Zanzibar waliochemshwa kabla ya kukaushwa. Hutengenezwa kwa namna ileile ya iriko, na samaki wenyewe ni wa jamii moja. Dagaa wa Ziwa Victoria ni samaki mwingine, supu yake itakuwa na ladha tofauti. Chukua gramu 30 kwa lita moja ya maji. Ng'oa vichwa na matumbo meusi, moja moja. Ndiko uchungu ulikojificha. Waloweke usiku kucha, asubuhi wapashe kwa moto mdogo, engua povu, na baada ya kutokota dakika 5 chuja kwa kitambaa. Kolea kwa mchuzi wa soya vijiko viwili vya mezani na chumvi kidogo.

Usichemshe tambi zote kwa pamoja. Chemsha za watu wawili, wapakulie, nao waanze kula bila kungojea wengine, huku fungu la pili likiingia sufuriani.